Nukta au Nyota

Fundi hakusoma kama sisi. Ukimpa karatasi, kwanza aliigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake polepole kama mtu anayetafuta mwiba, ndipo akaitazama. Na hata hapo macho yake yalianzia kulia. Kwa miaka mingi alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha kuchapa cha misheni fulani upande wa Nyeri, na herufi za madini ya risasi hupangwa kinyume. Jicho lilizoea hivyo. Mbao za maduka ya Karatina alizisoma kutoka mwisho, na kabla hajamaliza kukusalimu angekuambia kwamba mchinjaji wa kona ameandika "nyama" kwa herufi zinazogombana.

Mimi nilikuwa nikiuza ugoro na karatasi kuukuu sokoni. Karatasi nilinunua kwa kilo kutoka shule na ofisi, na wenye maduka walinunua kwangu za kufungia sukari, chumvi na nyama. Ndiyo sababu watu waliniita Mama Karatasi, na ndiyo sababu Fundi alikuja kwangu, si kwa sababu nyingine. Nilimjua kwa miaka kama kumi na minane, ukihesabu na ile miezi ambayo hakunisemesha. Masomo yangu yaliishia darasa la nne, kwa hivyo sitajifanya najua yaliyokuwa moyoni mwake. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitasema aliyeniambia ni nani.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya marundo yangu akiwa na kofia mkononi, kama amefika msibani.

"Mama, uko na chapa ya kwanza?"

"Ya nini?"

"Kitabu chekundu cha sala. Cha Kiswahili. Mgongo wa kitambaa."

"Mzee, hapa karatasi ni karatasi. Ikiwa nzito inalipa, ikiwa nyepesi hailipi."

Akanitazama kama nimemtusi. Halafu akapiga magoti penye vumbi, akaanza kupekua rundo kutoka chini kwenda juu. Alipekua mpaka wauza ndizi wakafunga. Hakupata kitu. Akarudisha kila karatasi mahali pake, rundo likawa sawa kuliko nilivyokuwa nimelipanga mimi, akaenda zake bila kuaga.

Ilichukua muda kabla hajaniambia anachotafuta ni nini hasa. Aliniambia alasiri moja ya mvua kubwa, tukiwa tumejibanza chini ya turubai langu, na tangu siku hiyo hakulisema jambo lile tofauti hata mara moja, wala kuongeza wala kupunguza. Kwa hilo namwamini.

Kiwandani walikuwa wapangaji wawili. Yeye alikuwa meza ya kwanza, na meza ya pili alikuwa mwenziwe kutoka upande wa Kirinyaga. Fundi hakuwahi kunitajia jina la mtu huyo. Alimwita Mwenzangu. Walikuwa marafiki wa kugawana chai katika kikombe kimoja. Kwa siri, bila msimamizi kujua, kila mmoja alikuwa akitia alama ndogo chini kabisa ya ukurasa alioupanga mwenyewe: Fundi alitia nukta, Mwenzake alitia nyota ndogo. Ulikuwa mchezo wao, wa kushindana ni nani amepanga zaidi. Alama zenyewe zilikuwa ndogo hivi kwamba mtu asiyejua angedhani ni uchafu wa wino.

Kile kitabu chekundu walikipanga wote wawili. Katika sala za maziko, ukurasa wa arobaini na moja, palitakiwa kuandikwa: umpe mtumishi wako huyu mahali kwako. Pakachapwa: umpe mtumishi wako huyu mahari kwako.

Sisi wa huku mlimani, ulimi wetu haujali sana kati ya l na r. Angekuwa mmoja wetu ndiye anayesoma, tungesikia mahali hata akisema mahari. Lakini siku kitabu kilipotumiwa mazikoni mara ya kwanza, msomaji alikuwa mwalimu mgeni kutoka pwani, mtu ambaye r yake ni r. Na aliyekuwa akizikwa alikuwa mtunza bustani wa misheni, mzee aliyekufa bila kuoa. Mwalimu akasoma kwa sauti safi kwamba Bwana ampe mtumishi wake mahari. Watu wakaangua kicheko kaburini. Ndugu ya marehemu akasimama, akasema: "Ndugu yangu alikosa bibi kwa sababu hakuwa na mbuzi hata mmoja. Sasa mnamcheka akiwa kwa shimo?" Akaondoka, na watu wa nyumba yake wote wakaondoka, mzee akafukiwa na wageni.

Keshoye msimamizi akawaita. Akauliza, nani alipanga ukurasa huu? Fundi aliniambia hivi: "Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka. Wiki ile Mwenzangu alikuwa na homa, kuna kurasa zake nilipanga mimi, na kuna zangu alipanga yeye. Nilinyamaza nikijaribu kukumbuka. Na yeye akanyamaza akiniangalia." Msimamizi hakungoja. Alisema watu wa upande wa Kirinyaga ndio hawajui l, akamwonyesha kidole Mwenzake, akamwambia achukue kabuti lake.

Vitabu vikakusanywa vichomwe nyuma ya karakana ya useremala. Aliyevibeba kwenda motoni ni Fundi mwenyewe.

"Na hukufungua hata kimoja?" nilimwuliza.

"Nilivibeba kama kuni," akasema. "Moto ulikuwa bado haujawashwa. Nilikuwa na nafasi ya kufungua kumi. Sikufungua."

Siku hizo zilikuwa za hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikikamata watu wetu. Mtu wa misheni alikuwa na barua ya misheni mfukoni. Asiye nayo alikuwa wa kukamatwa. Mwenzake alikamatwa hata mwezi haujaisha. Akapelekwa kambini Mwea kuchimba mifereji, na Fundi alisikia kwamba mgongo wake uliharibikia huko. Kambi zilipofungwa akabaki hukohuko, akapewa shamba la mpunga kama wengine.

Kitabu kilichapwa tena, jalada la buluu, kosa limesahihishwa, herufi zimepangwa upya na mtu mwingine, alama hakuna. Kwa hivyo jibu lilikuwa katika chapa ya kwanza peke yake, katika nakala zile chache zilizokuwa zimekwisha kuuzwa kabla ya moto. Chini ya ukurasa wa arobaini na moja kuna nukta au kuna nyota. Ikiwa ni nyota, Mwenzake alifukuzwa kwa kosa lake mwenyewe, na Fundi angeweza kulala. Ikiwa ni nukta, basi. Hakuwahi kuimalizia hiyo ya pili. Alisema "ikiwa ni nukta" halafu akatafuta kofia yake.

Watu wengi walimwona Fundi kama kichaa mpole. Sikubali, lakini ni lazima niseme aliwapa sababu. Hakuweza kula mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwa karatasi yenye maandishi kabla hajaisoma pande zote mbili, mahindi yakipoa. Kanisani alimsahihisha mhubiri kwa mnong'ono uliosikika mpaka mlangoni. "Lala," alikuwa akisema, "lala, si rara." Ulimi wake aliufundisha kwa taabu miaka yote ile baada ya kufukuzwa kwa Mwenzake, akisimama mbele ya kioo cha kunyolea, kama alivyonisimulia mkewe. Lakini akikasirika mafunzo yote yalikimbia. Alikuwa akipiga kelele "Funga mrango!" na wajukuu wake wakajificha chini ya kitanda wakicheka.

Tena alikuwa mtu wa vitabu ambaye hakusoma vitabu. Niliwahi kumwuliza hadithi moja inahusu nini, kitabu ambacho alikuwa amekishika dakika nzima. "Sijui," akasema. "Najua kimepangwa na mtu mwenye haraka." Alijua ni kitabu gani cha shule kimechapwa mara ngapi, ni kipi kilibadilishwa picha baada ya Uhuru, ni kipi kilianza na karatasi nzuri kikaishia na karatasi mbaya. Chapa ya kwanza aliitambua kwa kidole, maana herufi mpya za risasi huuma karatasi, na zikichakaa huigusa tu. Walimu wa Nyeri walimletea vitabu awaambie umri wake. Mara moja alikuja mtu wa chuo kikuu kutoka Nairobi na gari, akaona sanduku lake, akashika kichwa. Ndani mlikuwa na vitabu vya zamani ambavyo huyo bwana alisema amevitafuta mpaka ng'ambo akavikosa. Fundi alimpa vyote.

"Mzee, hivi ni mali," yule bwana akasema.

"Si kile," Fundi akamjibu.

Mkewe hakumsemesha siku tatu kwa ajili ya sanduku lile, na sioni kosa lake. Paa lao lilikuwa likivuja.

Msemo wake ulikuwa mmoja: "Angalia chini kwanza." Alimwambia kila mtu aliyeshika kitabu. Mtoto wangu akileta daftari la shule, aliangalia chini kwanza.

Kuna kondakta mmoja wa stendi aliyesikia habari za kitabu chekundu. Akaja mbio na kitabu ndani ya koti. Fundi akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa.

"Hiki kimepakwa rangi ya sakafu."

"Sasa mzee, si unataka nyekundu?" kondakta akasema. "Hiyo ni nyekundu mpaka inaingia kwa vidole!"

Na kweli Fundi vidole vilikuwa vyekundu. Alicheka mpaka akakaa chini, na hiyo ni moja ya mara chache nilizomwona akicheka. Akamnunulia kondakta chai. Halafu kondakta alipoondoka, nilimwona akifungua kile kitabu cha buluu kilichopakwa, ukurasa wa arobaini na moja, akaangalia chini. Alijua hakuna kitu. Aliangalia tu.

Upande wetu nyumba nyingi za mbao hubandikwa karatasi ndani kuzuia baridi, kwa gundi ya unga. Fundi aliingia nyumba za watu akasoma kuta. Alianza pembeni mwa mlango akaenda ukuta mzima, akipanda vitanda vya watu na viatu mkononi. Huko Kiganjo alikuta ukurasa wa sala za maziko umebandikwa juu ya kitanda cha mama mmoja, lakini sehemu ya chini imefunikwa na gazeti. Akaomba aubandue. Mama akakataa, akasema baridi ya Kiganjo haijui sala. Fundi akarudi siku ya pili na unga wa ngano na mzigo wa magazeti aliyonunua kwangu, akabandika chumba chote upya, kuta nne, akafanya kazi hiyo siku mbili, ndipo mama akamruhusu abandue ukurasa ule mmoja. Ilikuwa chapa ya pili. Mama yule alinisimulia mwenyewe sokoni, akasema nyumba yake haijawahi kuwa na joto kama mwaka ule, na kwamba mzee alitoka bila kunywa chai.

La Endarasha naliandika kwa shida, maana nimelisikia kwa watu wawili na hawapatani. Kulikuwa na bibi kizee huko, mfuasi wa misheni tangu ujana, na Fundi alikuwa ameambiwa ana kitabu chekundu. Alifika siku ya maziko yake. Jeneza lilikuwa wazi watu wakiaga, na kitabu kiko juu ya kifua cha bibi, kwa sababu aliomba azikwe nacho. Jalada lilikuwa jekundu na mgongo wa kitambaa. Fundi aliniambia kwamba alimwendea mwana wa marehemu kwa heshima, akaomba kufungua ukurasa mmoja tu, akakataliwa, akarudi nyuma. Mwana wa marehemu, ambaye nilikutana naye baadaye kwenye mnada wa kondoo, aliniambia mzee alitia mkono ndani ya jeneza.

"Alikuwa ameshika kitabu na mama ameshika kitabu," akasema. "Vidole vya mama viliganda hapo. Huyo mzee wako alikuwa anavuta."

Vijana walimtoa nje ya boma. Alisimama ng'ambo ya ua, akasikiliza udongo ukianguka juu ya mbao. Hilo la kusimama ng'ambo ya ua wote wawili walilisema. Aliporudi Karatina hakuwa na kofia. Sijui ni nani kati yao anayesema kweli, ila najua kwamba tangu siku hiyo Fundi hakwenda tena maziko ya mtu yeyote, hata ya jirani, na watu walimlaumu sana kwa hilo.

Si kwamba alikuwa mwaminifu siku zote. Katika kanisa moja karibu na Kerugoya alimwambia karani kwamba vitabu vyao vya zamani vina mafundisho yaliyopotoka, ili vitolewe kabatini avione. Vilitolewa, hakikuwamo, na karani maskini akavichoma vyote kwa hofu. Fundi alinieleza hilo mwenyewe bila kuulizwa. "Nimechoma mara mbili sasa," akasema.

Nami niseme langu, maana si haki kuhesabu ya mwingine peke yake. Mwaka mmoja, siku ya soko, nilinunua gunia la karatasi kutoka kwa mtu aliyekuwa akisafisha nyumba ya babake. Watu walikuwa wengi, nikawa narudisha mkono nyuma nachana tu, nafunga ugoro, nampa mtu. Chana, funga, toa. Mchana Fundi akapita. Mzee mmoja alikuwa amesimama hapo akinusa, na Fundi akaiona karatasi mkononi mwake. Akainyakua, ugoro ukamwagika.

"Wee! Wazimu?" yule mzee akapiga kelele.

Fundi akaigeuza, akapitisha kidole gumba. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Ni yenyewe." Ulikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Chini palikuwa na nyota, ndogo kama yai la chawa. Ndipo nikajua, kwa macho yangu mwenyewe, kwamba alama hazikuwa ndoto zake.

Akapindua gunia. Jalada lilikuwamo, jekundu, na ndani hamkuwa na kitu.

Tulizunguka soko lote. Niliacha biashara wazi nikazunguka naye, nikiwasimamisha watu nawaomba karatasi za ugoro, na watu wakanicheka, wakasema Mama Karatasi amerudi kudai karatasi yake. Wengine walinipa. Wengine walikuwa wameshaitupa, na tukapekua mitaro. Mwanamke mmoja alikuwa amewashia jiko. Kufika jioni tulikuwa na kurasa ishirini na kitu, zenye nukta na zenye nyota, lakini arobaini na moja hakuna. Na mimi mpaka leo sijui kama niliuona. Nimejaribu kukumbuka mikono yangu asubuhi ile. Wakati mwingine naona kabisa neno "mahari" likipita kwenye vidole, na wakati mwingine najua najidanganya.

Hakunitukana. Alisema tu, "Mama Karatasi, hukuangalia chini." Akakaa miezi bila kupita kwangu, akipitia upande wa wauza mitumba ili asinione. Halafu siku moja akarudi, akapiga magoti mbele ya rundo kama siku ya kwanza.

Kuna swali nililomwuliza mara moja tu. Nilimwuliza: "Fundi, huyo Mwenzako si yuko Mwea? Kwa nini usiende umwone?"

"Niende nimwambie nini?"

"Umwambie yaliyokuwa."

"Ndiyo nakuuliza, ni nini yaliyokuwa? Nimwambie sijui? Mtu amevunjika mgongo, mimi niende nisimame kwa mrango yake nimwambie sijui?" Alikuwa amekasirika, l zimekwisha. "Nikipata kitabu nitaenda. Nikiwa na neno mkononi."

Sikumsukuma. Nilifikiri mimi ni nani, mwanamke wa ugoro, nimfundishe mtu aliyepanga sala. Nadhani sasa ningemsukuma.

Mwaka wa mahindi ya njano, wakati mvua ilikataa na watu wakapanga foleni ya unga ambao hawakuupenda, macho ya Fundi yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na aliona mtu kama kivuli, lakini herufi hakuona. Bado alikuja. Mimi nikawa namsomea sehemu za chini za kurasa: "Hakuna, Fundi. Hakuna. Hakuna." Alikuwa akikaa juu ya gunia na uso umeelekea barabarani.

Siku moja mwanamke anayeleta mchele kutoka Mwea akaketi kwangu kupumzika. Alimsikia Fundi akiniuliza habari za jalada jekundu, akasema, bila kujua anasema nini: "Kitabu nyekundu ya sala? Kuna mama jirani yangu ako nayo. Ilikuwa ya marehemu bwana yake. Huyo bwana alikuwa mtu wa kuchapa zamani, kabla ya kambi."

Fundi akageuza uso.

"Marehemu?" akasema.

"Ee. Sasa ni mavuno mawili tangu tumzike."

Fundi akapapasa gunia akasimama, hata mwenye mchele akanitazama kuniuliza kama amekosea. Halafu akasema: "Mama Karatasi, funga. Macho yako nayahitaji."

Mwenye mchele alituelekeza, na tulifika Mwea kabla ya saa sita. Jua la Mwea si la kwetu. Linakaa juu ya kichwa kama debe la maji moto. Nilimshika mkono tukapita juu ya kingo za mifereji, baiskeli zikitupita na magunia. Aliuliza mara moja tu, "Huu ni mmoja wao?" nikajua anauliza mifereji. Nikasema sijui ulichimbwa na nani. Akasimama, akasikiliza maji, tukaendelea.

Mama mwenyewe alikuwa uani, amekonda, mrefu, amevua viatu, akigeuza mpunga kwa mguu juu ya magunia yaliyotandazwa ukauke. Tulimsalimu. Akatukaribisha, akauliza tumetoka wapi. Nikajibu mimi:

"Tumetoka Karatina, mama. Huyu mzee alifanya kazi na marehemu, kule kwa kuchapa."

Mguu wake ukasimama katika mpunga. Akamtazama sana.

"Ni wewe wa meza ya kwanza," akasema.

"Ni mimi."

Hakuuliza tunataka nini. Aliingia ndani, akatoka na kopo la bati, na ndani ya kopo kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kitabu. Hakumpa Fundi. Alinipa mimi.

Jalada lilikuwa bado jekundu. Kilifunguka chenyewe arobaini na moja, kama kitabu ambacho hufunguliwa hapo tu. Neno lilikuwapo, mahari, kwa herufi nzuri sana. Nikaangalia chini.

Nitaandika kweli. Nilipoona, nilitaka kusema uongo. Mzee hakuona kitu. Neno moja lingetosha, na angerudi nyumbani akalala. Lakini mama yule alikuwa amesimama pale na maganda ya mpunga katikati ya vidole vya miguu, na lile neno moja lingemtwika mumewe kosa lisilo lake, mbele yake. Sikuwa jasiri. Sikuweza tu.

"Nukta, Fundi."

"Angalia tena."

"Ni nukta."

"Inaweza kuwa uchafu wa wino."

Nikamwekea kitabu mikononi, nikamwongoza kidole. Akageuza ukurasa, akapitisha kidole gumba mgongoni polepole, mpaka chini, na kidole kikasimama. Alikiacha hapo.

"Alijua," mama akasema. "Kitabu alikificha kwa kabuti siku ile aliambiwa achukue kabuti. Alipofika nyumbani akafungua, akanionyesha. Hii si yangu, akaniambia, hii ni ya ule mwingine."

"Kwa nini hakurudi kusema?" nikauliza mimi.

"Kusema kwa nani? Kuna mtu alikuwa anasikiza?" Akapangusa jasho kwa mkono. "Kwanza alikuwa na hasira. Hiyo miaka ya kambi, na baada ya kambi. Halafu hasira ikaisha, akaanza kungoja. Kila mavuno alikuwa ananiambia, tenga mchele ile mzuri, mwaka huu atakuja. Mimi natenga. Mwaka ukiisha tunakula wenyewe."

"Nilikuwa nakitafuta," Fundi akasema. "Hiki. Nilikuwa nakitafuta kila mahali. Nisije bure."

"Kilikuwa hapa."

"Sikujua kiko hapa."

"Na yeye, ulijua ako hapa?"

Upepo haukuwapo kabisa. Nilimwona Fundi akiutafuta uso wa mama kwa macho yale, akiukosa, akiutafuta tena upande mwingine.

"Nilijua," akasema.

Mama akaniangalia mimi. "Mmekuja na gari ngapi?"

"Mbili, mama," nikajibu. "Moja mpaka Sagana, na moja mpaka hapa."

"Mbili tu," akasema.

Akarudi kwenye magunia yake akaanza kugeuza mpunga kwa mguu, mstari mmoja kwenda, mstari mmoja kurudi. Fundi alibaki katikati ya ua, juani, na kitabu wazi mikononi. Hakuna aliyemwambia aketi, na hakuketi.